Ng'ombe wa Betri wa Mama Scholastique

Tangu nyonga yake ivunjike, Mama Scholastique alibebwa mara moja tu, na mara hiyo moja ilimtosha. Ilikuwa Pasaka. Wanaume wanne wa kanisa walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakakiinua mabegani, wakatoka naye mtaani kwao Bigo huku yeye ameshikilia kikwembe chake, kitenge cha kiunoni, kwa mikono miwili. Watu wa barabarani walipoona kinachopita walivua kofia. Mwenye pikipiki mmoja alizima injini, akafanya alama ya msalaba. Mwanamke aliyekuwa anauza ndizi alianza kulia, kisha akauliza nani amekufa. Mama Scholastique akamjibu mwenyewe kutoka huko juu kwamba hakuna aliyekufa, na yule mwanamke akakimbia, akaacha ndizi zake.

Siku ile mama aliapa. Alisema atabebwa tena siku moja tu, ile ambayo hataweza kukataa. Kabla ya hapo, kama ni kwenda, ataenda amekaa, akiangalia mbele, kama mtu anayejua anakokwenda. Lakini ataenda kwa chombo gani? Pikipiki hawezi kupanda, nyonga haikubali. Kiti cha magurudumu kilijaribiwa, kikazama kwenye tope hatua sita kutoka getini, na hiyo huwezi kuiita safari. Gari nalo halifiki kwake, maana kichochoro cha kuingia kwenye parselle yao, yaani kiwanja chao, kinapita kati ya jiko la jirani mmoja na choo cha jirani mwingine, na mahali pembamba kabisa pana mita moja na sentimita kumi na mbili. Basi mama akakaa. Akakaa miaka miwili na nusu akiangalia geti la mabati.

Mwanawe Lambert alikuwa fundi wa umeme wa jua. Alitengeneza pia redio, friji na chochote chenye waya, na alikuwa mtu wa kuamini kwamba kila shida duniani ina waya wake mahali fulani, kazi ni kuutafuta. Ndiye aliyekuja na wazo la gari dogo. Korali ya kanisa lao ilikuwa inakaribia kutimiza miaka hamsini, na kati ya waimbaji kumi na wawili walioianzisha alikuwa amebaki mama yake peke yake. Lambert alimwahidi, mbele ya mkewe Chancelle na mbele ya sahani ya sombe, majani ya muhogo, kwamba siku ya yubile ataingia kanisani amekaa kwenye gari lake mwenyewe, lenye upana wa sentimita tisini na nane, la umeme, lisilohitaji mafuta. Mama alimaliza kutafuna ndipo akasema sawa.

Gari la kwanza lilikuwa na magurudumu matatu na mota ya kinu cha kusagia mahindi. Mota ile haikuwa na habari za polepole. Lambert alipoiwasha, gari liliruka uzio, likatua katikati ya maharage ya jirani, na ikabidi aombe msamaha kwa wiki nzima. La pili lilikuwa na mota ndogo aliyoitoa kwenye baiskeli ya umeme iliyoungua. Hilo lilishuka mteremko vizuri kabisa, kisha likakataa kupanda, likarudishwa nyumbani kwa kusukumwa na watu waliocheka njia nzima. Mama aliyatazama yote hayo kutoka kwenye kiti chake, na kila gari liliposhindwa alimkumbusha Chancelle kwamba Lambert mwenyewe naye alichelewa kutembea.

La tatu ndilo lililokuwa gari. Magurudumu manne ya pikipiki, mota mbili zilizofungwa pamoja, ile kubwa ya kinu na ile ndogo ya baiskeli, betri nane za sola chini ya sakafu, na kiti kipana kilichokatwa kutoka kwenye lori la Fuso. Mwili wake ulikuwa mapipa ya mafuta yaliyokunjuliwa na kugongwa mpaka yakanyooka, ukapakwa rangi nyeupe iliyobaki kanisani. Rangi ilipoisha, ubavu wa kushoto ulimaliziwa na nyekundu ya milango. Lambert alilijaribu akiwa amefunga gunia la maharage kwenye nafasi ya mama yake, akatoka nalo getini, akapita kati ya jiko na choo bila kugusa popote, akaenda mpaka boulevard, barabara kuu ya Bunia, akarudi. Halikutoa sauti wala moshi. Alipolisimamisha uani alikuwa na machozi, na hakuona haya.

Alimwomba mama yake apande papo hapo, wazunguke kidogo. Mama alikataa. Alisema hawezi kuiharibu safari ya kwanza kwa kwenda kununua chumvi. Atapanda siku ya yubile, amevaa sare, na si kabla.

Kilichobaki kilikuwa plake, kibao cha namba, kwa sababu askari wa roulage, wale wa barabarani, hawachezi mjini na chombo kisicho na plake. Lambert alilipeleka gari alfajiri kwenye ofisi ya magari, kwa bwana aitwaye Augustin. Augustin alikuwa mtu mwema, na usidhani nasema hivyo kwa kejeli. Hakuomba kitu, hakumzungusha mtu, alitoka nje mwenyewe kuliona gari, akalizunguka mara mbili, akalisifu. Kisha akaketi na fomu yake. Fomu iliuliza bomba la moshi liko upande gani. Lambert alieleza kwamba hakuna moshi. Augustin aliandika kitu kwa penseli, akakifuta. Fomu iliuliza tangi lina lita ngapi, na injini ina kelele ya kiasi gani ikiwa imesimama. Augustin aliweka sikio lake kwenye boneti kwa muda mrefu, kwa uaminifu, kama daktari anayemtafuta mtoto tumboni.

Mwishowe aliinuka, akafuta vumbi sikioni. "Papa Lambert," alisema, "mimi sikatae gari yako. Ni formulaire ndiyo inakataa."

Lambert aliuliza kama anaweza kuchomelea bomba la uongo. Augustin alihuzunika kusikia hivyo. Bomba lazima litoe moshi, na moshi lazima utoke kwenye injini, na injini lazima iwe na namba, na namba lazima itoke kiwandani. Walipeana mikono. Kabla ya yubile zilikuwa zimebaki siku kumi na tano.

Aliyeokoa jahazi, au aliyelizamisha, utaamua mwenyewe, alikuwa muzee Antoine, kaka yake Mama Scholastique. Antoine alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na maisha yake yote hakuwa amekutana na swali ambalo ng'ombe hakuweza kulijibu. Alikuja, akakaa, akalitazama gari jeupe lenye baka jekundu ubavuni, akauliza linakula nini. Lambert akamweleza kwamba linachajiwa usiku wakati umeme upo, na mchana linatumika.

"Basi shida iko wapi?" alisema Antoine. "Kitu yenye iko na miguu ine, inakula usiku, muchana inatumika, haitoshe moshi, weye unaita nini? Hii iko ngombe. Na ngombe, nani alishaombaka yee plake?"

Na ilikuwa kweli. Katika mji huu ng'ombe wanapita boulevard saa sita mchana, wanasimama katikati, wanatafakari, na jeep za mashirika makubwa zinawasubiri. Hakuna askari aliyewahi kumpigia ng'ombe filimbi. Yeye mwenye gari lililotimia alikuwa hawezi kutoka getini, na mnyama asiye na hata breki alikuwa anakwenda apendako. Kadiri alivyofikiri ndivyo jambo lilivyozidi kuwa na maana, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba mtu amechoka.

Kwa daktari wa mifugo, jina lake Osée, mambo yalikwenda haraka. Osée alikuwa kijana mnyoofu aliyependa kazi yake, na fomu yake ilikuwa na roho nzuri kuliko ya Augustin. Rangi: nyeupe yenye baka jekundu. Jike au dume? Lambert alimwangalia mjomba wake, na mjomba akasema jike, kwa kuwa dume angekuwa na kelele. Meno? Osée aliingia chini ya gari na tochi, akahesabu meno ya gia kubwa, yakawa thelathini na mawili, sawasawa na ng'ombe aliyekomaa. Alitoka huko chini amebadilika uso. Mpaka dakika ile alikuwa anawasaidia tu; kuanzia dakika ile aliamini. Alichoma sindano ya chanjo kwenye sponji ya kiti, akafunga hereni ya plastiki yenye namba kwenye kioo cha kulia, akaandika jina ambalo Antoine alikuwa amekwisha kulichagua: Haisemi. Lambert akatia sahihi mahali palipoandikwa mwenye ng'ombe.

Siku iliyofuata askari wa roulage alimsimamisha kwenye rond-point, pale barabara zinapozungukana. Lambert akampa kijitabu cha mifugo. Askari alikisoma chote, akaiangalia hereni, akawaangalia ng'ombe wanne waliokuwa wanapita nyuma yake bila karatasi yoyote, akarudisha kijitabu kwa heshima. Alitoa sharti moja tu, kwamba ng'ombe mjini lazima awe na mchungaji mwenye fimbo. Tangu hapo Lambert aliendesha kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alitoa fimbo dirishani. Haisemi alikwenda kwa mwendo wa ng'ombe, watu wakamzoea, na ng'ombe wenzake wakampisha. Gunia la maharage lilizungushwa Bunia yote, likaona soko, likaona stendi ya magari yanayotoka Tchomia, kule ziwani, na harufu yake ya samaki. Mama alikuwa anaulizia kila jioni barabara zikoje siku hizi, na Lambert alimweleza, kisha akamwambia subiri, Jumapili utaona mwenyewe.

Ijumaa asubuhi, siku mbili kabla ya yubile, Osée alibisha geti akiwa na kamba na chaki. Macho yake yalikuwa mekundu. Uvumi ulikuwa umefika kwamba kwenye malisho ya upande wa Boga ng'ombe wanaumwa kwato, na amri imetoka: hakuna ng'ombe anayeondoka alipo kwa siku arobaini. Alimfunga Haisemi kwenye nguzo ya kamba ya nguo, akamchora alama ya chaki usoni, akamwangalia kwato zote nne, akasema angalau yeye bado mzima.

Lambert alicheka kwanza. Kisha akaona Osée hacheki. Akamwambia kwamba hii ni gari, anajua kuwa ni gari, yeye mwenyewe ameona mota. Osée alifungua kijitabu, akamwonyesha sahihi yake.

"Ngombe moja ikitoka," alisema, "tutaua ngombe yote ya quartier. Hapana mimi, papa. Ni sheria."

Maneno hayo yalisikika mtaa mzima, uzio hadi uzio, na kabla jua halijapanda majirani watatu wenye ng'ombe walikuwa wamekalia viti vyao mbele ya geti la Lambert, wakilinda. Walimsalimu vizuri sana. Walimuuliza hata hali ya mama. Lakini ilieleweka kwamba Haisemi akisogea hata gurudumu moja watamkalia juu.

Lambert alikimbia kwa Augustin. Alifika anahema, akasema amekubali yote, atachomelea bomba, atatafuta moshi, atatafuta kelele, mradi gari liwe gari kabla ya Jumapili. Augustin alifurahi kumwona. Alifungua droo, akatoa fomu ile ile, kisha akakumbuka kitu, akairudisha kwenye droo. Chombo kikishakuwa na kijitabu cha mifugo hakiwezi kufunguliwa faili upande wa magari, maana kitakuwa na uhai mara mbili, na serikali haina mahali pa kuandika uhai mara mbili. "Inafaa kwanza ikufe kule kwa ngombe," alisema kwa upole. "Ikishakufa, utanikuta hapa."

Njia yote ya kurudi Lambert alilirudia neno hilo. Ikufe. Alipofika alimkuta mjomba Antoine ameketi kando ya mama, akamuuliza kama ng'ombe aliyefungiwa anaweza kuchinjwa. Antoine alisema bila shaka, kilichokatazwa ni kwato kutembea. Nyama ikishapigwa muhuri inakwenda popote, na nani amewahi kuisimamisha nyama njiani? Lambert aliona mwanga. Haisemi afe kwenye karatasi Jumamosi, apigwe muhuri, na Jumapili mama yake aende kanisani ndani ya nyama. Alimweleza mama mpango huo kwa furaha. Mama aliuliza kama watu wataambiwa kwamba ng'ombe amechinjwa. Lambert akasema ndiyo, lazima wajue, hasa wale watatu wa getini. Mama hakuongeza neno, na hapo ndipo Lambert angepaswa kushtuka, maana mama yake hakuwa mtu wa kukosa neno la kuongeza.

Osée alitoa kibali, lakini alihitaji sababu, kwa kuwa wakati wa karantini ng'ombe mzima hachinjwi hivi hivi. Lambert akasema ni kwa ajili ya yubile ya korali. Ikaandikwa hivyo, nakala tatu, moja ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi kwa ajili ya umma.

Jumamosi saa nne Osée alikuja kushuhudia. Lambert alifungua boneti, akashika koleo, akakata waya mwekundu. Taa ndogo ya kijani mbele ya usukani ilififia, ikazimika. Osée alivua kofia. Kisha, kwa kuwa nyama haitoki bila kukaguliwa maini, aliomba kuyaona maini, naye Lambert akafunua sanduku la betri. Osée aliyaangalia kwa tochi, akayabonyeza moja moja kwa kidole. "Maini iko sawa," alisema, akagonga muhuri.

Mfukoni Lambert alikuwa na utepe wa kuungia waya. Alihitaji dakika tano tu. Alikuwa ameshautoa aliposikia geti, akageuka, akamwona mjomba wake Antoine anaingia amevaa koti lake la sherehe, na mkononi ana beseni.

Nyuma ya Antoine walikuja kaka wawili wa Chancelle, na beseni. Nyuma yao wale watatu wa getini, jirani wa jiko, jirani wa choo, yule wa maharage, wote na mabeseni yaliyooshwa vizuri. Walisimama uani kwa adabu, kwa mpangilio wa undugu. Sasa naomba tuelewane, hawakuwa wezi wala wendawazimu. Tangu watu hawa waanze kufuga, ng'ombe akichinjwa anagawanywa, na kila mtu ana sehemu yake inayojulikana. Paja la nyuma ni la mjomba. Kidari ni cha mashemeji. Mbavu ni za anayegusana nawe uzio. Anayechinja akafunga mlango huyo ameamua kuishi peke yake, na siku ya msiba wake atachimba kaburi peke yake.

Lambert alimvuta mjomba pembeni. "Noko," alisema, "weye ulijua hii ni gari. Weye mwenyewe."

"Nilijua," alisema Antoine. "Kisha ulitia signature, na leo batu bote balisikia dada yangu amechinja. Nikirudia na beseni ya bure, batasema siye tuko na ugomvi. Nani atasimama aseme siku nitakufa? Mimi sipende ile gurudumu, Lambert. Lakini paja iko ya mujomba."

Na macho ya muzee yalikuwa na maji, hilo lazima liandikwe. Lambert alipandwa na hasira. Aliwageukia wote, akainua koleo, na yaliyokuwa yanakuja kinywani mwake hayakuwa maneno ya kumwambia jirani. Mama yake ndiye aliyemkatiza. Aliomba fimbo yake, akaigonga chini mara moja.

"Siye tulikula nyama ya bengine myaka yote," alisema Mama Scholastique. "Kila mara nilikuwa nikituma beseni, ilikuwa inarudia imejaa. Leo bao barudi na ya bure? Tosha spana, Lambert. Kata muzuri."

Akagawa mwenyewe, amekaa, kwa ncha ya fimbo. Gurudumu la nyuma la kulia likaenda kwa Antoine. Mashemeji wakapata bampa ya mbele, wakashukuru, wakaomba na taa moja kwa ajili ya mama yao, wakapewa. Uzio wa jiko ukapata mlango, uzio wa choo ukapata mlango wa pili, na yule wa maharage alipewa mota ile kubwa kwa kuwa walikuwa na historia. Osée alisita kuchukua, akisema mkaguzi haruhusiwi, akakubali kioo chenye hereni kwa ajili ya faili. Maini huliwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo betri ziliwekwa uani na mtaa mzima ukachaji simu mpaka zikakauka. Saa tisa alasiri palibaki kiti cha Fuso peke yake, kwa sababu hakuna aliyejua kiti ni nyama gani.

Lambert alikwenda nyuma ya jiko akalia. Alilia kwa hasira kwanza, kisha kwa aibu, maana mwaka mzima alikuwa amemwahidi mama yake kitu kimoja, na kitu hicho alikuwa amekichinja yeye mwenyewe, kwa koleo, mbele ya shahidi. Chancelle alimletea chai, akaketi kando yake.

Jumapili mama alivaa sare. Hakuna aliyethubutu kumuuliza ya nini. Kikwembe cha buluu chenye nembo ya yubile, kilemba, viatu ambavyo soli zake hazikuwa zimegusa barabara. Alisema wamkalishe kwenye kile kiti cha Fuso, wakigeuze kielekee getini. Alikaa hapo tangu saa mbili, mikono juu ya mapaja. Ibada huanza saa tatu. Saa tatu ikafika, ikapita. Lambert alijitafutia kazi kwenye redio isiyokuwa na ubovu wowote.

Saa saba walisikia sauti kichochoroni. Haikuwa sauti moja. Zilikuwa nyingi, na zilikuwa zinakuja katika mstari, kwa sababu pale kati ya jiko na choo hapapiti watu wawili sambamba. Wa kwanza kutokea getini alikuwa Débora, rais wa korali, na nyuma yake wakatoka waimbaji arobaini na watatu wa sare ya buluu, mmoja mmoja, kila mmoja na sahani yake. Walikuwa wameisoma ile karatasi kwenye mlango wa daktari wa mifugo. Ng'ombe amechinjwa Bigo kwa ajili ya yubile ya korali. Tangu lini sherehe ikafanyika kanisani na ng'ombe akaliwa kwingine? Kamati ilikutana baada ya ibada, ikapiga kura kwa mikono, na sherehe ikahamishwa ilipo nyama.

Lambert alimwangalia Chancelle, Chancelle akaliangalia lile gunia la maharage lililokwisha kuiona Bunia yote, akaenda kulifungua. Na hapa nawasifu majirani. Mkono mtupu haulambwi, na aliyepokea paja hawezi kukaa nyumbani wakati mwenye ng'ombe ana wageni. Antoine alileta maziwa na bugali wa watu ishirini. Jiko likaleta wali. Mashemeji walileta makayabo, samaki wa chumvi. Yule aliyepewa mota alileta kuku wawili, akasema wamsamehe, mota bado haijaiva.

Débora aliinama karibu na kiti, akauliza kwa sauti ya chini nyama iko wapi.

"Iko ya umeme," alisema Mama Scholastique. "Haitoshe harufu. Leteni wimbo kwanza."

Wakaimba. Uani palikuwa padogo, wakajibana mpaka kwenye kamba ya nguo, wakaimba ule wimbo wa kwanza wa mwaka ule wa kwanza, ambao waimbaji wake wa mwanzo kumi na mmoja wako makaburini. Mama aliingia kwenye sauti ya pili bila kuitwa. Sauti yake ilikuwa imekauka kidogo pembeni, lakini ilijua njia. Watu walipanda juu ya uzio kusikiliza. Lambert alisimama mlangoni na sufuria mkononi, na moyo wake ukajaa. Alijiambia kwamba basi, yamekwisha kuliko alivyopanga. Mama hakwenda kwa korali, korali imemjia, na bila ya Haisemi kuchinjwa wasingekuja hata mmoja. Alihisi kama fundi aliyeunga waya usio wenyewe na taa ikawaka.

Walikula, wakaomba, wakaimba mara nyingine tatu. Saa kumi waliaga, wakatoka kama walivyoingia, mmoja mmoja, na Débora alikuwa wa mwisho akavuta geti nyuma yake. Sauti zao zilikwenda zikipungua kuelekea barabarani, kisha zikachanganyika na pikipiki. Lambert alikaa chini kando ya kiti. Alimuuliza mama yake kama amefurahi. Mama alikuwa bado anatazama mabati.

"Balikuja, ndiyo," alisema. "Baliimba muzuri, na Mungu abalipe. Lakini mutoto yangu, mimi nilitaka kwenda."

Lambert aliinuka, akalifungua tena geti, akaliacha wazi.